Pwani Inayomfaa Mtu wa Arusha

Mwezi wa sita umeingia, na wewe unayenisikiliza ukiwa Sakina, Njiro, Tengeru au kule juu Ilboru huhitaji mtabiri wa hali ya hewa akuambie. Meru hauonekani, manyunyu hayaishi, masweta yametoka kabatini, na kwenye daladala ukithubutu kufungua dirisha utasemwa mpaka ushuke. Huu ndio msimu ambao watu wa huku juu huanza kuulizana habari za bahari. Watoto wamefunga shule, baba ana likizo ya wiki moja, mama ameshaweka akiba kidogo kwenye kikoba, na swali linalozunguka mezani ni moja: twende ufukwe upi? Upi mzuri?

Mimi nadhani swali hilo linaulizwa kwa kuruka hatua. Ufukwe uleule unaweza kuwa peponi saa kumi jioni, na saa nne asubuhi ukawa uwanja wa matope na miamba ambao mtoto wako hawezi kulowesha hata magoti. Kwa hiyo leo, kabla ya kutaja majina, nitazungumza kwanza habari za maji yenyewe.

Sisi Arusha tuna jambo la ajabu kidogo. Tunaishi kwa kuiuza bahari bila kuijua. Kila siku magari ya watalii yanatoka Serengeti na Ngorongoro, yanashusha wageni uwanja wa ndege wa Kisongo, na saa moja na kitu baadaye wageni hao wako Unguja wamevua viatu. Dereva aliyewaleta anarudi zake Moshono. Muulize ufukwe wa Kendwa ukoje, atakueleza vizuri kabisa, mpaka rangi ya mchanga, kwa sababu amesimuliwa na wageni wengi. Ila yeye mwenyewe maji ya chumvi hajayaonja. Na wengine wetu tusio madereva tunaijua bahari kwa picha za simu, picha ambazo zote zimepigwa maji yakiwa yamejaa. Nani apige picha ya bahari ambayo haipo?

Maana bahari huondoka, ndugu zangu. Bahari ya Hindi hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50 kuliko jana yake. Hayo tulifundishwa shuleni tukayasahau, kwa sababu Ziwa Duluti halina mambo hayo. Lakini mvuvi wa pwani anajua zaidi ya hapo. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa ndiyo kwanza umeandama, bahari inaingia kwenye bamvua: maji hujaa sana, na yakipwa hupwa sana. Kwenye bamvua kubwa, tofauti ya kimo kati ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa hapa kwetu inafika karibu mita 4, yaani zaidi ya kimo cha chumba kutoka sakafu hadi dari. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu. Hapo bahari inapanda kidogo na kushuka kidogo, imetulia.

Saa zake nazo zina utaratibu. Kwenye pwani yetu, siku za bamvua, maji hujaa kwenye saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa kwenye saa nne na saa tano asubuhi. Siku za maji mafu mambo yanageuka: saa nne asubuhi maji yamejaa, alasiri yameshuka, ingawa hayaendi mbali. Ukilishika hili moja, umeshapata nusu ya unachokitafuta. Mwenye watoto wanaotaka kuogelea tangu wakimaliza chai, aende mwezi ukiwa nusu. Anayetaka kutembea juu ya matumbawe na kuona yaliyomo, aende kwenye bamvua, na kuogelea akuweke jioni. Kuujua mwezi hakudai intaneti. Toka nje usiku utazame juu, mawingu ya Meru yakikuruhusu.

Sasa tuje kwenye majina, na tuanze na Unguja kwa kuwa najua ndiko mioyo iliko.

Upande wa mashariki wa kisiwa, yaani Paje, Bwejuu na Jambiani, mwamba uko mbali na ufukwe. Katikati yake kuna maji ya kina kifupi yaliyolala juu ya mchanga mweupe laini kama unga. Maji yakijaa, rangi yake huwezi kuieleza ukaaminika. Yakipwa, nenda Jambiani saa nne asubuhi uone. Bahari imekuwa mstari mweupe kwa mbali, pale mawimbi yanapovunjikia mwambani. Huku karibu kumebaki mchanga uliokunjamana, vidimbwi vyenye visamaki, na kina mama. Wamejifunga kanga, wameinama, maji yanawafika kwenye vifundo vya miguu. Wamechomeka vigingi kwa safu, wamefunga kamba kutoka kigingi hadi kigingi, na kwenye kamba wamening'iniza vichala vya mwani. Wanafungua uliokomaa wanaujaza kwenye viroba, wanafunga mche mpya, wanasogea hatua moja, wanainama tena. Kilimo hiki kilishika kasi Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwani wao unasafirishwa nje kwenda kutumika viwandani, kwenye vyakula na vipodozi. Miaka ya karibuni bahari imepata joto, na ile aina ya mwani yenye bei nzuri imekuwa ikiwafia kwenye maji haya mafupi. Wengine imewabidi wajifunze kuogelea ili waufuate kwenye maji ya kina.

Nawaeleza haya kwa sababu mgeni kutoka bara hupita katikati ya kamba zile akipiga picha, anakanyaga. Lile ni shamba. Wewe wa Nkoaranga usingependa mtu akatize kwenye kahawa yako akiwa na miwani ya jua.

Na jambo la pili kuhusu mashariki: maji yanaporudi, yanarudi kwa mwendo wa mtu mwenye haraka. Mtu amekwenda na watoto mpaka karibu na mwamba, anaokota makombe, anageuka anakuta nyuma yake palipokuwa pakavu pana mkondo. Ikifika saa sita siku ya bamvua, uwe umeshageuka. Na vaeni viatu, hata vya plastiki vya bei ndogo, kwa sababu ya wale viumbe weusi wenye miiba wanaojificha kwenye majani na miamba. Mwiba wao ukikatikia mguuni, likizo yote ni ya kukaa kitini.

Kaskazini, Kendwa na upande wa magharibi wa Nungwi, ni habari nyingine. Huko kina kinaanza mapema, kwa hiyo hata maji yakipwa bado unaogelea. Kwa anayetaka bahari ipatikane muda wote, huko ndiko. Gharama yake ni kwamba kila mtu amelijua hilo: hoteli zimebanana, muziki hauzimwi, na mapapasi wa ufukweni, wale wanaoandama wageni, hawana tofauti na vijana wetu wa Mnara wa Saa, isipokuwa wa kule hawavai jaketi. Familia yenye bibi anayetaka kusali na kulala mapema, siishauri Kendwa. Kundi la vijana waliomaliza chuo, waende, watafurahi.

Kuna na upepo. Sasa hivi ni kusi, unaovuma kutoka kusini, na utaendelea mpaka mwezi wa tisa hivi. Unapoza pwani, na ndiyo maana Juni na Julai mtu wa Arusha akienda hasumbuliwi sana na joto. Lakini unachafua bahari upande uliokabili upepo, na unakusanya majani ya baharini ufukweni, marundo kwa marundo. Desemba hadi Februari ni kaskazi, joto kali na jasho lisilokauka. Mwezi wa tatu hadi wa tano ni masika, na hapo hoteli hushusha bei, na wewe utajua kwa nini ukishafika.

Sasa naomba mnisikilize kwa makini kidogo, kwa kuwa nafika pale ninapotaka kufika.

Mito yetu ya upande huu wa Meru, Themi, Nduruma, Tengeru, Usa, Maji ya Chai, yote inashuka kusini na kuingia Kikuletwa. Kikuletwa inapokea na mito ya Kilimanjaro, inakwenda mpaka Nyumba ya Mungu, lile bwawa lililojengwa miaka ya 1960. Kutoka bwawani maji yanaitwa Pangani. Yanapita kando ya milima ya Upare na Usambara, yanazungusha mitambo ya umeme Hale na Pangani Falls, na baada ya safari ya takriban kilomita 500 yanamwagika baharini kwenye mji wa Pangani. Maji unayoyaona yakipita chini ya daraja la Themi, yale yanayosalimika mabomba na mifereji ya umwagiliaji, yana ufukwe wake. Sisi ndio tunaofikiri hatuna.

Nami nasema bila kumung'unya maneno: kwa familia ya Arusha yenye fedha ya kawaida na siku tano au sita, Pangani inaishinda Unguja. Hakuna ndege, hakuna boti ya kutapisha watoto. Unapanda basi la Tanga alfajiri, unapita Same, Hedaru, Mombo na Korogwe, pale Segera unaachana na barabara ya Dar es Salaam, Muheza unanunua machungwa kupitia dirishani, na alasiri uko Tanga, kilomita zipatazo 440 kutoka nyumbani. Zamani tungekwenda kwa treni, maana reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Arusha mwaka 1929. Siku hizi treni yetu ya abiria, iliyorudi mwaka 2020, hutupeleka Dar es Salaam. Lala Tanga usiku mmoja, asubuhi uwapeleke watoto ufukweni Raskazone wakazoee chumvi, kisha ushike njia ya Pangani, kama kilomita 50.

Pale mjini Pangani penyewe usiogelee. Mlangoni mwa mto maji yana rangi ya udongo, hasa baada ya mvua. Msiwalaumu Wapangani, udongo ule mwingine umetoka kwenye mashamba yetu. Mtoni mna mamba pia, kwa hiyo picha za kuchezesha miguu majini tuziache. Mji wenyewe ni wa kutembea kwa miguu, nusu siku, na ni mji wenye mambo. Misafara ya pembe za ndovu iliyokuja Uchagani na Umasaini ilianzia huku, na hapa ndipo watu wa pwani walipowainukia Wajerumani mwaka 1888. Abushiri bin Salim alinyongwa hapahapa Pangani, Desemba 1889. Mpeleke kijana wako wa kidato cha tatu akasimame penye somo lake la historia.

Jambo jingine utakaloambiwa na wenyeji ni kwamba mto umepungua nguvu. Huku juu tumeongeza mashamba na mifereji, na kule chini maji ya chumvi yanapanda mtoni kuliko zamani, yanaharibu mashamba ya watu. Sisemi usinywe maji. Nasema ukikaa kwenye baraza ya mtu Pangani na akakuuliza umetoka wapi, usishangae akikutazama mara mbili.

Ufukwe wenyewe uko ng'ambo, kusini, Ushongo, kama kilomita 15 kutoka mjini. Unavuka mto, mvuko ambao miaka na miaka umekuwa wa pantoni, unapita minazi, unafika kwenye kijiji cha wavuvi chenye mchanga mrefu na watu wachache. Maji yakipwa, yanaacha mchanga mgumu unaofaa mpira wa miguu. Yakijaa, mtoto anaogelea bila kutafuta nafasi. Muziki utakaousikia ni redio ya fundi anayekalafati ngalawa. Anayetaka vurugu atachoka siku ya pili, namwambia mapema.

Mbele ya Ushongo kuna Maziwe, eneo tengefu la bahari. Wazee wa Pangani wanakikumbuka kikiwa kisiwa chenye miti. Miti ya mwisho ilitoweka mwanzoni mwa miaka ya 1980, na leo Maziwe ni fungu la mchanga mweupe linaloibuka na kuzama. Kasa bado wanapanda kutaga mayai pale, na kwa kuwa maji yangeyazamisha, wahifadhi huyahamisha na kuyafukia upya huku pwani ya Ushongo. Kandokando yake kuna matumbawe yenye samaki wa kila rangi. Kwenda kule lazima mpatane na bahari. Nakumbuka mazungumzo yangu na nahodha mmoja wa pale.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wa bara wewe."

"Wa Arusha, mzee. Tunataka Maziwe, kesho, tukishakula mchana."

Akatazama watoto, akatazama bahari. "Kesho bamvua. Ukishakula mchana nikupeleke wapi, chini ya maji? Saa mbili asubuhi muwe hapa. Saa nne tuko kule, mchanga umetanuka. Saa saba kila mtu awe chomboni."

Saa saba tulipokuwa tukipanda, fungu lilikuwa limebaki kipande kisichozidi uwanja wa mpira wa kikapu, na mawimbi yakiingia kutoka pande mbili.

Hapo niseme neno kuhusu kuogelea, kwa kuwa wengi wetu tumekulia mlimani. Mtoto aliyejifunzia kwenye bwawa la hoteli huku Arusha si mwogeleaji wa baharini bado. Chumvi inambeba, ndiyo, lakini mkondo nao unambeba. Ukihisi unavutwa nje, usishindane nao uso kwa uso. Ogelea sambamba na ufukwe mpaka uutoke, ndipo urudi. Bia na mawimbi visikutane. Na ukiona wavuvi wametoka majini wote kwa pamoja, toka na wewe, utauliza sababu baadaye. Desemba 26, 2004, wimbi lililoanzia Sumatra huko Indonesia lilivuka bahari yote hii na kuua watu hata katika pwani ya Tanzania.

Na wale watakaofukuzwa na mlinzi wa hoteli kwa sababu wamebeba hotipoti lao la pilau: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Hoteli inaweza kukukatalia kiti chake, na ni haki yake. Uzio ulioingia mpaka majini ni suala lingine. Lakini msigombane na mlinzi. Naye ameajiriwa, na yawezekana ni wa kwenu. Mkitoka tu, zoeni mifupa yenu.

Mombasa je? Wengi mmenitumia ujumbe kuhusu Mombasa, na ni kweli kwamba kwa barabara ya Holili, Taveta hadi Voi, ambayo sasa ni lami, Mombasa iko karibu kuliko hata Tanga. Diani ni ufukwe mzuri kwelikweli, mchanga mweupe kama wa Unguja, mwamba unakata mawimbi. Beba hati ya kusafiria, badilisha fedha yako mahali pa halali, na uwe na subira kivukoni Likoni. Dar es Salaam? Coco Beach ni ya mihogo ya kukaanga na kupunga upepo, kwa kuogelea kuna miamba mingi. Chukueni mashua mwende Mbudya au Bongoyo.

Wenye siku mbili tu, Jumamosi na Jumapili, siwadanganyi: bahari iacheni. Basi la Tanga litakula Jumamosi yote kwenda na Jumapili yote kurudi. Nendeni Chemka, kule Boma Ng'ombe, maji ni maangavu mpaka unaona mizizi chini, kamba ya kurukia ipo, na jioni mko nyumbani. Maji yale nayo yanaingia Kikuletwa, kwa hiyo yatafika Pangani kabla yenu.